Mkasi Niliourudisha Karatina

Niliporudi, ninyi wenzangu wa jumuiya mliniuliza safari ilikuwaje, nikawajibu kwamba nilienda salama na nimerudi salama. Mlikunywa chai mkaondoka, lakini niliona mlivyotazamana. Kesho yake Mama Chebet alirudi peke yake kuniuliza mbona siku hizi nakata nguo kwa mkasi mpya wa mpini wa plastiki. Nimeona heri niandike, maana kwa mdomo najua nitaishia katikati.

Ule mkasi wangu wa zamani mnaujua. Mrefu, mzito, wa chuma cheusi, na herufi H imekwaruzwa karibu na parafujo. Nusu ya watoto wa Kapsoya hapa Eldoret wamevaa yunifomu zilizokatwa kwa mkasi ule. Nilipewa na kogo wangu, Tabarno, mama mzaa mama, siku niliponunua cherehani yangu ya kwanza. Alisema alizawadiwa na Memsaab Hester, mke wa Kaburu mwenye shamba kule Ziwa, alikofanya kazi za nyumbani akiwa msichana. Alizawadiwa kwa uaminifu, ndivyo alivyosema. Katika hadithi hiyo hiyo kulikuwa na mwanamke mwingine aliyeitwa Wambui, mke wa kibarua, ambaye alikuwa mwizi akafukuzwa. Kwetu, mtoto akidokoa sukari, aliambiwa ana mkono wa Wambui. Hata mimi niliwaambia wanangu hivyo. Sikuwahi kuuliza Wambui aliiba nini.

Ziwa

Safari hii ilianzia karibu, na ilianza miaka miwili kabla sijapanda basi. Nilikuwa nimeenda Ziwa kupima watoto wa shule ya msingi vipimo vya yunifomu. Ilikuwa siku ya soko, na nusu ya watoto hawakuwepo kwa sababu walikuwa wameenda kuwasaidia wazazi kupeleka ndama. Nikawa nangoja. Nyuma ya madarasa mafundi walikuwa wanabomoa nyumba kuukuu ya Kaburu, ile iliyogeuzwa stoo ya mahindi ya shule. Walipong'oa mbao za dari ukaanguka mkebe wa biskuti.

Mwalimu mkuu alinifungulia. Ndani mlikuwa na kofia ya sufi ya mtoto mchanga, donge la uzi, na daftari lenye jalada gumu. Maandishi hayakuwa ya Kiingereza. Mwalimu mkuu alijua marehemu kogo alifanya kazi pale, akaniambia nichukue tu, maana pale vitu hivyo vingeliwa na panya. Nikapekua kurasa nikisubiri watoto, nikaona jina Tabarno. Nilifurahi. Kisha nikageuza ukurasa mwingine nikakuta mchoro wa mkasi, umefuatishwa kwa penseli, ukubwa wake halisi. Ulikuwa kama wangu. Nikafunga daftari.

Mkebe ule ulikaa juu ya kabati langu miaka miwili. Nilijiambia kwamba Januari ni msimu wa yunifomu. Halafu kukawa na palizi, halafu mavuno, halafu harusi ya binti yangu. Kila nilipopanda kiti kutoa blanketi niliuona, nikausukuma nyuma kidogo. Sikuwa nimesoma hata neno moja, lakini mtu anaweza kuogopa asichokisoma.

Chepkoilel

Aliyenisomea ni mteja. Anaitwa Dokta Ndapewa, mwalimu mgeni wa chuo kikuu kule Chepkoilel, mzaliwa wa Namibia. Siku moja dukani nilimsikia akiongea na simu kwa lugha iliyokuwa na sauti za kukwaruza kooni, nikamuuliza ni lugha gani. Aliposema ni ya Makaburu, nikajua visingizio vyangu vimekwisha. Alinialika nyumbani kwake Jumamosi. Nilibeba daftari, nikabeba mkasi kwa sababu nilikuwa nimemwahidi kupunguza gauni lake, na kwa adabu nikabeba mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu. Alipomimina akaona weusi wa mkaa ndani ya maziwa, aliniuliza kwa upole sana kama njiani yameingiwa na vumbi. Nilimweleza kuwa ndivyo yalivyo. Akafumba macho akanywa glasi nzima, na mpaka leo sijui kama aliyapenda.

Kisha akaanza kusoma. Memsaab Hester alikuwa mkunga, jambo ambalo kogo hakuwahi kunitajia. Wake wa vibarua walimwita, naye alienda kwa miguu na mkoba wake, na kila mtoto aliyempokea alimwandika. Nilichoshangaa ni kwamba aliwaandika akina mama kwa majina yao wenyewe. Jebet, mvulana, ametanguliza miguu, mzima. Nafula, msichana, mdogo sana, tumemlaza karibu na jiko. Wambui wa Kariuki, msichana, Jumanne. Mvua ya mawe imevunja dirisha, mama hakulia hata mara moja.

Tulipofika kwenye mchoro, Dokta alisoma kimoyomoyo kwanza. Mchoro wenyewe, alisema, Hester aliuchora mapema, ili fundi wa mjini amtengenezee mkasi mwingine kama ule. Lakini chini yake, kwa wino tofauti, kulikuwa na mistari mingine. Akanitafsiria neno kwa neno:

"Mkasi wangu wa kukatia vitovu umepotea. Mume wangu anasema ni Wambui, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifua siku hiyo. Nilimwomba angoje. Hakungoja. Wameondoka leo, mtoto mgongoni."

Na mstari wa mwisho: "Tabarno hakunitazama usoni kutwa nzima. Sitamuuliza."

Dokta Ndapewa aliniuliza kama mkasi huo ninao. Niliutoa mkobani nikaulaza juu ya mchoro. Ulikaa sawasawa, hata ile ncha iliyopinda kidogo upande wa kushoto ambayo nilidhani niliipinda mimi. Dokta aliinuka akaenda kuchemsha chai. Aliporudi nilikuwa bado sijainua mkono.

Nilijaribu kumtetea hata yule Memsaab. Nikasema angalau aliandika ukweli.

"Aliandika kwa lugha ambayo Wambui hakuijua," Dokta akanijibu, "halafu akaficha darini."

 Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi.

Timboroa

Wiki tatu baadaye nilipanda basi la Nairobi, mkasi umefungwa kwa kipande cha kaniki ndani ya mkoba. Daftari lilikuwa na jina la Wambui lakini halikusema alikoenda. Dokta alikuwa amenishauri nikatafute Nairobi, kwenye jengo la kumbukumbu za zamani, ambako faili za mashamba ya wazungu zimehifadhiwa.

Timboroa tulikuta lori la mahindi limelala barabarani. Ukungu ulikuwa mzito hata tukashindwa kuona gari la mbele, na baridi ya pale mnaijua. Tulikaa saa tano. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa viazi, mwanamke mnene mwenye kofia ya kusuka. Alinunua mahindi ya kuchemsha kwa wachuuzi wa barabarani, akanipa moja bila kuniuliza kama nataka. Tukaanza kuongea. Aliniambia zamani alikuwa na nyumba Burnt Forest, akaondoka mwaka ule wa fujo za uchaguzi, na sasa hupita tu na magunia yake. Alisema bila uchungu, kama mtu anayekuelekeza duka lilipohamia.

Nilimwambia ninakoenda na kwa nini. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia lote, pengine kwa sababu nilijua sitamwona tena. Alikula hindi lake mpaka likaisha ndipo akanipa ushauri. "Ukifika kwao, sema umetoka wapi mapema," alisema. "Wakigundua baadaye watafikiri ulikuwa unaficha."

Lori lilipoondolewa tulikuwa tumeganda miguu. Aliteremka Nakuru, na nilipompungia mkono nikagundua sikumuuliza jina.

Nairobi

Mlango wa lile jengo la kumbukumbu una askari na mashine ya kukagua mikoba. Mkasi ulipoonekana kwenye kioo chake, aliniita kando. Akaufungua kwenye kaniki, akaupima kwa mkono wake kuanzia kiwiko.

"Mama, na hii ni silaha," akasema.

Nikamweleza mimi ni fundi wa nguo. Akaniuliza ni nguo gani ninayokuja kushona kwenye makaratasi. Mwishowe akauweka kwenye droo yake, akanipa kibati chenye namba. Siku nzima nilikuwa nikishuka ngazi kuchungulia kama droo imefungwa. Niliogopa usije ukaibwa, na kila nilipopanda tena nilijionea aibu kwa woga huo.

Karani wa ndani alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alisikia neno shamba na neno Kaburu, akanieleza kwa heshima kwamba madai ya ardhi hayapelekwi pale. Nikamwambia sidai shamba. Akasema wote husema hivyo. Asubuhi nzima aliniletea faili za mipaka na ramani, mpaka nilipomwonyesha picha ya ukurasa wa daftari kwenye simu yangu na kumwambia namtafuta mwanamke mmoja tu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema bibi yake pia alikuwa yaya kwa wazungu, upande wa Naivasha, na nyumbani hawana hata picha yake. Tangu hapo akawa mtu mwingine.

Siku hiyo umeme ukapotea mara mbili. Nilikula chapati na maharagwe kwenye kibanda cha nyuma, nikalala kwa binamu yangu mtaa wa Kayole, nikarudi kesho yake. Saa nane mchana karani alikuja na faili jembamba la shamba la Ziwa. Ndani mlikuwa na orodha ya vibarua waliofukuzwa. Majina ya wanaume tu. Kwenye safu ya familia waliandika mke mmoja, watoto wawili, mke mmoja, watoto watatu, kama watu wanaohesabu mbuzi. Mstari wa Kariuki ulikuwa na mke mmoja na mtoto mmoja, kwao Mathira, karibu na Karatina. Na sababu ya kufukuzwa: mke ni mwizi.

Hayo ndiyo maneno pekee ambayo serikali iliwahi kuandika kuhusu Wambui, na jina lake halikuwemo. Hester alikuwa na jina bila mahali. Serikali ilikuwa na mahali bila jina. Karani alinieleza kitu kingine ambacho sikukijua, kwamba karatasi kama ile ilimfuata mwanaume kila aendako, na hakuna mwenye shamba aliyemwajiri tena.

Nilimrudishia askari kibati. Alinipa mkasi akaniuliza kama nimeshona.

Karatina

Karatina nilifika saa nne asubuhi, soko limefurika ndizi na vitunguu. Nilikuwa na jina la mtu ambaye huenda amekwisha kufa na jina la eneo lenye maelfu ya akina Kariuki. Nilimuuliza muuza ndizi, akacheka, akaita mwenzake, naye akaita mwingine. Nikafuata ushauri wa mama wa viazi nikasema natoka Eldoret, namtafuta Kariuki aliyefanya kazi huko zamani za wakoloni. Mzee mmoja aliyekuwa akishona viatu akainua kichwa.

"Unauliza nyumba ya Sisibo," akasema.

Jina lile lingine la mji wetu wa Eldoret, ambalo kwetu huitwa kila siku hata hatulisikii tena, huko milimani limekuwa jina la ukoo mzima. Kariuki alikuwa amerudi kutoka Sisibo, basi akabaki Sisibo, na wanawe, na wajukuu. Bodaboda alinipandisha mteremko wa kahawa mpaka kwenye nyumba ya mbao yenye paa jekundu. Uani alikuwa ameketi mama mzee, mwembamba, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa Nyambura, bintiye Wambui.

Nilisalimia, na kabla sijakaa nikatangaza kwamba natoka Eldoret. Uso wake ukabadilika. Aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia nina wanne. Akaweka ungo chini.

"Wanne," akarudia. "Mwangi alituambia ni mmoja."

Nusu saa nzima sikuelewa tunachozungumza. Mwanawe aliitwa kutoka shambani akaja na panga lake, jirani akaletwa awe shahidi. Kumbe Mwangi alikuwa ndugu mdogo wa Nyambura, dereva wa lori, aliyekuwa na mwanamke huko kwetu, na alipokufa familia ilikaa ikingoja siku huyo mwanamke atakapokuja kudai sehemu ya shamba. Walikuwa wamenipangia majibu miaka mingi. Nilipowaapia kwamba Mwangi sijawahi kumwona, na kwamba nimekuja kuleta kitu wala si kuchukua, jirani alionekana kuvunjika moyo. Nyambura alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, akaniletea mukimo wa viazi na mahindi, na chai. Nilikula nikijua kwamba baada ya kumweleza huenda asinipe chakula tena.

Nilimweleza. Nilisema kwa Kiswahili changu cha kawaida, bila kupamba: daftari, mchoro, mkasi, kogo wangu. Nikamwambia kuwa kwetu jina la mama yake lilikuwa tusi la watoto. Nilitaka kuruka sehemu hiyo lakini nikaisema. Kisha nikafungua kaniki nikauweka mkasi juu ya meza.

Hakuugusa. Alitazama mlangoni, akaanza kuniambia habari za mama yake. Wambui, alisema, hakuingia nyumba ya mtu na kiondo, mkoba wake wa kusuka. Akitembelea jirani, akienda kanisani, akienda kwa mwanawe mwenyewe, kiondo chake alikiacha nje ya mlango. Mvua ikinyesha kililowa. Watoto walidhani ni mila ya mahali alikozaliwa.

"Hata mimi naacha nje," akasema Nyambura. "Miaka yote. Sikujua ni kwa nini."

Mwanawe alitoka nje akasimama kwenye kahawa. Nikasoma ukurasa wa kuzaliwa kwa Nyambura, kama Dokta alivyonitafsiria, Jumanne ya mvua ya mawe, na tarehe. Kwenye kitambulisho chake aliandikiwa tarehe ya kubuni na karani, kama wengi wa umri wake. Aliniomba nirudie mara tatu, hasa pale Hester anaposema mama hakulia.

Ndipo akauliza swali nililokuwa nikiliogopa njia nzima.

"Hicho kitabu ulikipata lini?"

Ningeweza kusema mwezi jana. Hakuna ambaye angejua.

"Miaka miwili iliyopita, Mama."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikihesabu. "Mama alikufa mwaka jana," akasema, "tulipomaliza kuvuna kahawa. Alikuwa anaona. Alikuwa anasikia. Alikuwa anakaa kwa hicho kiti ulichokalia."

Niliinuka kwenye kiti. Sikujua pa kwenda, nikabaki nimesimama katikati ya sebule ya watu. Nikamwomba msamaha, wa kogo na wangu. Hakunifokea. Aliuchukua mkasi, akaufungua na kuufunga mara mbili karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza saa.

"Mimi siwezi kukuambia hakuna shida," akasema. "Wa kusema hivyo amelala pale kwa migomba."

Kwa Mzee Gathogo

Alinilaza kwake. Asubuhi alinipeleka kaburini kwanza, akasema mama yake alikijua Kinandi, lugha yetu, alikuwa akiwafundisha watoto kuhesabu ng'ombe kwa Kinandi. Nikasema kwa Kinandi niliyokuja kusema. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyokusudia.

Kisha tukashuka bonde, tukapanda ng'ambo. Alitaka nimwone mtu mmoja. Kariuki alikuwa na mdogo wake, Mzee Gathogo, ambaye sasa ana karibu miaka tisini. Habari ya wizi ilipofika Mathira, ni yeye aliyeitangaza. Nyambura alipotaka kuolewa mara ya kwanza, ni yeye aliyewaambia wakwe kwamba wanachukua binti wa mwizi, nao wakarudi kwao. Kariuki mwenyewe, alipokosa kazi, alianza kuamini maneno ya mdogo wake, akaacha kula chakula cha Wambui. Mpaka anakufa alikuwa akila kwa mamake.

"Nataka asikie," Nyambura aliniambia njiani. "Akishasikia yeye, mimi natosheka."

Tulimkuta ameketi juani, blanketi mabegani. Nyambura aliweka kiondo chake chini nje ya ua kabla hajaingia. Nilimwona akitambua alichokifanya, akasita, kisha akakiacha hapo hapo. Mzee hasikii vizuri. Ilibidi niseme kwa sauti kubwa, na Nyambura akatafsiri kwa Kikuyu kwa sauti kubwa zaidi, mpaka watu wa nyumba ya pili wakatoka kutazama. Nilisema natoka Eldoret. Nilisema Wambui hakuiba mkasi. Nilisema aliyeuchukua ni bibi yangu, naye alinyamaza, na huu hapa mkasi.

Mzee alinitazama kwa macho ya maji. 

"Wambui yupi?" akauliza.

Nyambura akamwambia, Wambui wa Kariuki, ndugu yako. Akamwambia, wa mkasi. Mzee alirudia jina Kariuki, akatabasamu, akasema Kariuki alikuwa mtu wa kukimbia sana. Kisha akauliza kama tumemletea ugoro.

Tulishuka tena mpaka mtoni. Nyambura akaketi juu ya jiwe kuvua viatu. "Amesahau," akasema. "Sisi tumebeba, yeye ameshaweka chini." Alisema polepole, halafu akavuka maji akiwa ameshika viatu mkononi, nami nikamfuata.

Mkasi niliuacha kwake. Daftari nilitaka kumwachia pia, akakataa. Aliniambia nimpe picha ya ukurasa wake tu, maana humo kuna akina mama wengine, na wana watu wao huko kwetu. Alinisindikiza mpaka barabarani na gunia dogo la parachichi. Hatukukumbatiana. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akangoja mpaka gari likaja.

Eldoret

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Nililala njia nzima.

Nimekwisha kumwomba mwalimu mkuu wa Ziwa anipe nafasi kwenye mkutano wa wazazi nisome majina yaliyo kwenye daftari. Amekubali. Lakini kwanza nilitaka kwetu wajue, nikawaita kaka zangu wawili nikawasimulia kama ninavyowasimulia ninyi. Mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Mkubwa, Kiprono, ambaye kogo ndiye aliyemlea wakati mama yetu alipokuwa hospitalini, aliinuka kabla sijamaliza.

"Umemuuza kogo kwa watu usiowajua," akasema. Na akasema kwamba Kaburu mmoja kuandika kwamba Tabarno hakumtazama usoni si ushahidi wa kitu. Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu. Sidhani kama ni mtu mbaya. Anampenda kogo, hata mimi nampenda, na kama huo mkasi ungekuwa kwa mtu mwingine ningesema maneno yake yale yale.

Wengine mmeniuliza, baada ya kusikia kidogo hapa na pale, kwa nini kogo aliuchukua. Sijui. Pengine alitaka kuwa mkunga. Pengine aliutaka tu, msichana wa miaka kumi na saba kwenye nyumba iliyojaa vitu visivyo vyake. Pengine alikusudia kuurudisha, na walipomfukuza Wambui asubuhi ile akaona njia imefungwa. Daftari halisemi, na hakuna tena wa kuniambia.

Kogo alikaa nami dukani miaka kumi na minane. Mnamkumbuka, kwenye kile kigoda karibu na mlango, ananitungia uzi kwenye sindano mpaka macho yalipomkataa. Tuliongea kila siku, tukaongea mvua, na bei ya mahindi, na nani ameoa. Nilikata mbele yake mashati na sketi zisizo na idadi, naye akitazama mkono wangu. Wakati mwingine aliniomba nimpe mkasi aushike, akaufuta kwa ncha ya leso, akanirudishia. Nilidhani anaona fahari. Laiti ningemuuliza hata mara moja tu: kogo, Memsaab alikupa siku gani, alikuambia nini? Huenda angenidanganya. Huenda angelia. Alikaa pale miaka kumi na minane, na hakuna mtu aliyemuuliza.